Siku seva yangu ilipoingia orodha nyeusi

Leo nawaletea historia kidogo, na aibu yangu ndani yake.

Mwaka 2006 nilikuwa nikitunza seva ya barua pepe ya ofisi moja ndogo Nairobi. Asubuhi moja bosi akaniita: barua ya bei aliyomtumia mteja haijafika, na zabuni inafungwa saa sita mchana. Kufungua kumbukumbu za seva, nikakuta jibu 550 limejaa. Tumo kwenye orodha nyeusi! Nikamlaani aliyetuweka humo. Kumbe ni mimi.

Ili bosi aweze kutuma barua akiwa nyumbani, nilikuwa nimeiruhusu seva ipokee barua ya yeyote na kuipeleka kokote. Watuma taka hawakukawia kuigundua.

Zamani kuiacha seva wazi hivyo ulikuwa ujirani mwema: leo wanibebea barua, kesho nakubebea. Watuma taka walipoongezeka miaka ya tisini, wakaugeuza ujirani huo kuwa kichaka cha kujifichia. Ndipo Paul Vixie na Dave Rand, huko Marekani, wakaanzisha MAPS na orodha yake, RBL. Mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus, na Sendmail 8.9 ikatoka ikiwa imefunga mlango huo, isipokuwa uufungue mwenyewe. Kama mimi.

Orodha hizi hufanya kazi kwa DNS. Seva inayopokea huigeuza namba ya IP: 192.0.2.5 inakuwa 5.2.0.192. Huongeza jina la orodha, kisha huuliza. Ikijibiwa 127.0.0.2, umo. Ikiambiwa jina hilo halipo, pita.

Angalia basi: orodha haizuii barua. Anayezuia ni mwenye seva aliyeamua kuiamini, na imani hiyo imewahi kuwatokea watu puani. Agosti 2003 Osirusoft, baada ya kushambuliwa, ilijibu kwamba dunia nzima ni watuma taka. ORDB ilifungwa Desemba 2006, lakini wengine wakaendelea kuiuliza tu. Machi 2008 ikaanza kujibu "umo" kwa kila namba, na barua halali zikakataliwa.

Nami nilitokaje? Niliufunga mlango, nikaweka nywila kwa wanaotuma wakiwa nje, nikafuta taka zilizokuwa kwenye foleni, nikahakikisha IP yetu inarudisha jina la seva. Ndipo nikajaza fomu ya kuomba kutolewa. Ukiomba kabla ya kuziba tundu, utatolewa leo na kurudishwa kesho. Sisi tulitolewa baada ya siku mbili.

Na zabuni? Niliichapisha ile barua nikakimbia nayo mjini. Ilifika saa sita kasorobo.

Ukikutana na 550, soma ujumbe wote, kisha ukague mlango wako kabla ya kumlaumu mwenye orodha. Tukutane tena!