Lugha ya Mama na Kiingereza cha Mlimani

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU na chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wake walikuwa watu wachache waliokwisha kupepetwa na Kiingereza kwa miaka mingi, na kwa hiyo lugha hiyo, ijapokuwa ya kigeni, haikuwa kizuizi chao kikubwa. Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, lakini Kiingereza kiliachwa kitawale sekondari na Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa. Ikawa kijana wa Bukoba au Tukuyu, aliyelelewa kwa Kihaya au Kinyakyusa, kisha akapata ilmu yake ya awali kwa Kiswahili muda wa miaka saba, alitakiwa ghafla afahamu hesabu na jiografia kwa lugha ya tatu, asiyoisikia sokoni wala msikitini wala kanisani.

Athari za lugha za kwanza zilidhihirika kila insha iliposahihishwa. Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, hata maneno yenye maana mbalimbali yakatamkwa namna moja. Na kwa kuwa viwakilishi vya Kibantu havimbagui mwanamume na mwanamke, mwanafunzi hodari wa historia aliweza kumtaja malkia kana kwamba ni mfalme. Mimi sioni taksiri katika hayo, maana ni alama za akili iliyokwisha kupangwa na sarufi kamili, nazo hupungua kwa mazoezi. Lililo zito zaidi ni kwamba asiyeweza kuuliza swali kwa lugha ya darasa hunyamaza, kisha hukariri maneno ya mhadhiri bila kuyahoji.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuta kuwa wanafunzi wa chuo kikuu walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao hawakufika humusi ya waliopimwa. Lawama ikaangukia Kiswahili. Nami naiona lawama hiyo kuwa dhuluma, kwani aliyelifahamu jambo barabara kwa lugha anayoimiliki hulifuata kwa lugha nyingine kwa urahisi kuliko yule aliyekatizwa ufahamu wake njiani. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilikwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikulifuata shauri hilo. Mwaka 1992 ulipofika, mwanafunzi wa Mlimani, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili chenyewe, aliendelea kusikiliza mihadhara na kuandika mitihani yake kwa Kiingereza.