Sumu ya mahindi huanzia shambani, si ghalani

KUFIKIA Julai 20, 2004, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao kufariki katika zilizokuwa wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Kilichowaua ni mahindi, na wengi walikuwa wameyavuna katika mashamba yao wenyewe. Machakos ilikuwa imekumbwa na mkasa kama huo 1981.

Sumu hiyo, aflatoksini, hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza 1960 kutokana na lishe ya njugu. Huharibu ini na, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, husababisha saratani ya kiungo hicho. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiangamizi. Ng'ombe akilishwa mahindi mabovu, sehemu yake huingia katika maziwa.

Wengi hulaumu ghala. Kweli, unyevu ghalani huizidisha, lakini kuvu huishi udongoni na huivamia mimea mahindi yakiwa bado shambani, kupitia ndevu za hindi au matundu yaliyotobolewa na wadudu. Ukame na joto huudhoofisha mmea na kuipa kuvu nafasi. Ndiyo maana Ukambani huathirika mara kwa mara.

Je, mbona wataalamu hawatoi mbegu isiyodhurika? Kwa kutu ya ngano, jeni moja yaweza kuukinga mmea, angalau kwa muda. Ukinzani dhidi ya aflatoksini hutegemea jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo tu, na nguvu yake hubadilika kulingana na hali ya hewa. Hadi sasa hakuna mbegu ya mahindi iliyo salama kabisa. Hata hivyo, mbegu inayokomaa mapema, mfano Katumani, huweza kuukwepa ukame, na hindi lililofunikwa barabara na maganda yake hadi nchani huwanyima wadudu njia.

Silaha nyingine ni kuvu yenyewe. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini 2015, ni mtama uliopakwa kuvu za humu humu nchini zisizotengeneza sumu. Mkulima huinyunyiza kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, nazo huinyang'anya ile yenye sumu makao. Kasoro yake ni kwamba humtaka mkulima agharamie kinga kabla hajauona ugonjwa wenyewe.

Baada ya mavuno, mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo mtupu, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5. Punje zilizooza au kutobolewa zitengwe, wala kuku wasipewe. Kukoboa, kama wafanyavyo Wakamba wanapoandaa muthokoi, huondoa sehemu ya sumu pamoja na ganda la punje, lakini hakuyatakasi mahindi yaliyokwisha kuharibika.