Judy Mlangoni

Nilipoketi kuitazama sinema iitwayo Wondrous Oblivion, ya Paul Morrison wa mwaka 2003, nilitegemea kucheka kidogo kisha nikalale. Ni kisa cha David, mtoto wa miaka 11, ambaye wazazi wake ni Wayahudi waliokimbilia London. Anaipenda kriketi kupita kiasi, lakini hata kulishika gongo hajui. Kisha nyumba ya jirani inahamiwa na Dennis, Mjamaika, ambaye anafunga wavu wa mazoezi uani. Dennis na bintiye Judy wanamfundisha David kwa subira, mpaka naye anakuwa mchezaji.

Kisa kimewekwa mwaka 1960, na mwaka huo una uzito wake. Ndipo Frank Worrell alipoteuliwa kuwa nahodha wa West Indies, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo katika mfululizo mzima wa mechi. Kabla yake George Headley aliongoza mechi moja tu, mwaka 1948; unahodha ulikuwa mali ya weupe, ingawa wachezaji wake hodari wengi walikuwa weusi. Huko London, watu wa Karibi walikuwa bado wanazikumbuka ghasia za Notting Hill za mwaka 1958. Mwenye nyumba aliweza kumwambia mpangaji waziwazi kuwa hataki weusi, na sheria haikumgusa. Hata ile sheria ya 1965 dhidi ya ubaguzi haikufika kwenye nyumba na ajira. Mambo hayo yalingoja hadi 1968.

Lakini si sheria iliyoninyima usingizi. David anafanya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, anawaalika wanafunzi wenzake weupe, ambao sasa wanamthamini kwa sababu ya kriketi. Judy anakuja mlangoni na zawadi. David anaona haya, anamrudisha. Mtoto wa watu waliofukuzwa kwao kwa ubaguzi, naye anafunga mlango!

Msomaji, nilizima televisheni kwa muda. Nilipokuwa na umri kama wake nilikuwa na rafiki, mtoto wa fundi viatu wa mtaani kwetu. Mpira tuliochezea tuliusuka pamoja, kwa matambara na kamba alizozitoa kwa baba yake. Siku moja wakaja binamu zangu kutoka mjini, wamevaa viatu na soksi. Yule rafiki akapiga hodi, mpira kwapani. Shangazi akauliza, "Huyu ni nani?" Nikajibu, "Simjui."

Hakulia, wala hakunitukana. Aliuweka mpira kizingitini akaondoka. Kesho yake nilimfuata kibandani kwao. Babake akanikaribisha vizuri, kama kawaida yake. Yeye aliendelea kupaka gundi, akasema leo hana nafasi, ana kazi.

Sinema niliimalizia usiku uliofuata.