Mizani ya Mtihani: Utumishi wa Serikali ya India, 1855–1922

Husemwa mara nyingi kwamba mtihani ni wa haki madhali maswali ni yale yale kwa watahiniwa wote, na usahihishaji hauna upendeleo. Historia ya mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya India yatuonyesha kwamba sharti hilo ni la lazima, lakini halitoshi.

Kabla ya mwaka 1853, wakurugenzi wa Kampuni ya Mashariki ya India waliwapa kazi hizo jamaa na marafiki zao. Sheria ya mwaka huo iliikomesha desturi hiyo, na mwaka 1855 mtihani wa kwanza wa mashindano ulifanywa London, nao ulikuwa wazi kwa kila raia wa Malkia, awe Mwingereza au Mhindi. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, wala haifai kuyabeza.

Lakini na tuzitazame alama zilizopendekezwa na kamati ya Macaulay mwaka 1854. Kiyunani kilipewa alama 750, na Kilatini 750. Kisanskriti na Kiarabu, lugha za elimu kwa Wahindu na Waislamu wa India, zilipewa 375 kila moja. Yaani, zote mbili pamoja zilikuwa sawa na Kilatini peke yake. Hakuna mwanaisimu awezaye kusema kwamba ugumu wa sarufi ya Kisanskriti ni nusu ya ule wa Kilatini. Basi ni dhahiri kwamba kilichopimwa hapo ni heshima ya kila lugha katika shule za Uingereza.

Pamoja na hayo, Mhindi alilazimika kuvuka bahari kwa gharama yake. Satyendranath Tagore alifaulu mwaka 1863, akawa wa kwanza miongoni mwa Wahindi. Mwaka 1878 ukomo wa umri ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 19, na safari hiyo ikazidi kuwa nzito kwa vijana. Mwaka 1893 Bunge la Uingereza liliazimia kwamba mtihani ufanywe India pia. Hata hivyo, haukufanywa huko hadi mwaka 1922, mjini Allahabad.

Swali gumu si dhuluma, ikiwa ugumu wake watokana na kazi yenyewe. Nasi tutungao mitihani, kabla ya kubishana juu ya ugumu wa maswali, yatupasa kwanza kuuliza ni nani aliyeyachagua maarifa yatakayopimwa, na mizani hiyo ni ya nani.