Kazi Yangu ya Kutibu Saratani za Watoto

Watu wengi hapa Pwani wakisikia kazi yangu huniuliza: "Kwani daktari, watoto nao hupata saratani?" Hupata. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watoto na vijana wa hadi miaka 19 wapatao 400,000 huugua kila mwaka.

Njia ya kufika hapa ni ndefu. Shahada ya udaktari ni miaka 6, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Nikasomea utabibu wa watoto, halafu magonjwa ya damu na saratani. Jumla ni zaidi ya miaka 10.

Tunazoziona sana ni saratani ya damu, ya figo, ya jicho, na limfoma ya Burkitt inayovimbisha taya. Hiyo ilielezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda. Hukua kwa kasi, lakini husikia dawa upesi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotoka kwa mtoto ikamshika mwenzake.

Dawa mojawapo, vinkristini, hutokana na lile ua dogo la pinki au jeupe, asili yake Bukini, tunalolipanda uani. Tafadhali msilichemshe nyumbani. Mmea wenyewe ni sumu.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 kwa 100 hupona. Katika nchi maskini ni chini ya 30. Sababu kubwa ni kuchelewa na kukatiza matibabu. Saratani ya damu huweza kutibiwa kwa miaka 2 hadi 3, na nauli pekee humshinda mzazi.

Mama mmoja aliniletea mwanawe ambaye mboni yake iling'aa nyeupe kwenye picha. "Twaliambiwa ni husuda," akasema. Miezi 8 ilikuwa imepita. Mtoto alipona, lakini jicho tulilitoa. Angeletwa mapema, pengine tungeliokoa.

Basi mzazi mwenzangu, ukiona mboni nyeupe, uvimbe wa tumbo, taya au shingo, homa isiyokwisha, michubuko bila kuanguka, kupauka, au kuumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, mpeleke mtoto hospitali. Dua muombee, ila msiwe bado nyumbani.