UZI: Bima inaishia kwenye geti la hospitali. Nani alikwambia?

1/ Siasa ikipamba moto, mjadala wa bima ya afya unarudi palepale: makato. Asilimia ngapi, nani analipa, nani amekula. Leo sitaji chama wala mwanasiasa. Nauliza tu: anayetuuzia bima alifundishwa nini?

2/ Tuanze 1966, Bunge lilipopitisha sheria ya NHIF. Ilikuwa bima ya hospitali kama jina lake: ukilazwa, inalipia kitanda. Wa kwanza walikuwa watu wa mshahara, na hao hawakuhitaji kushawishiwa, mwajiri alikata tu. Mkulima wa huku Chwele hana payslip. Yeye lazima aelezwe.

3/ Kwa kampuni za binafsi, Sheria ya Bima ilianza kutumika 1987, na tangu 2007 leseni zinatolewa na IRA. Wakala lazima awe na cheti cha COP. Anasoma misingi ya bima, sheria na maadili. Lakini bima ya kumtunza mtu asiyeweza kuoga, kula ama kujigeuza bila msaada? Hiyo huioni kirahisi sokoni kwetu.

4/ Hii naijua nyumbani. Kukhu, nyanya yangu, alipata kiharusi nikiwa form three. Wiki mbili hospitali, miaka minne nyumbani. Mama alifunga kibanda chake cha mboga akawa anamgeuza usiku. Wakala alikuwa ametuambia tuko salama "mpaka uzeeni". Tulipompigia akasema, "Kwa kweli hiyo sikufundishwa." Sikumwona mwongo. Alituuzia alichokijua.

5/ Kwingine wameliwazia. Ujerumani ilianzisha bima ya utunzaji 1995, Japani 2000. Marekani inauzwa na mawakala, na baada ya sheria ya shirikisho ya 2005, majimbo mengi yanataka wakala asome saa 8 kabla ya kuuza, kisha saa 4 kila miaka 2. Sababu ni ile ile: mzee akinunua kitu asichokielewa, anakuja kujua akiwa kitandani.

6/ Sasa tuko SHA, tangu Oktoba 2024. Asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kuna mfuko wa dharura na magonjwa sugu, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Huo unalipia matibabu, bima ya kawaida ikifika mwisho. Haumlipi anayemwosha mgonjwa nyumbani.

7/ Utasema kutunza wazee ni kazi ya familia. Sawa, lakini soma Katiba, Ibara ya 57: familia NA serikali. Inua Jamii inampa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawa kwa 30. Ni kama shilingi 67 kwa siku. Bei ya diaper za watu wazima unaijua?

8/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme "bima kwa wote", muulize: inamfuata mgonjwa mpaka nyumbani? Na anayetusajili kijijini afundishwe kutuambia kwanza kile HAILIPII. Tungeambiwa mapema, tungechanga mapema, na labda kibanda cha mama kingekuwa wazi hadi leo.

Kwenu nani anamgeuza mzee usiku? Niambieni hapo chini.