Kabla ya Pampu Kulikuwa na Binti wa Kazi: Stori ya Maji Yanayozunguka Kwenye Tangi la Samaki

Leo tunaweka pembeni mastaa, ndoa zao na magari yao. Nakusogezea stori ya mtu ambaye hana picha, hana kaburi linalojulikana, hana hata jina. Lakini kama una tangi la samaki sebuleni, lile lenye mimea ya kijani na taa kali ambalo kila mgeni lazima alipige picha, basi kazi yake unaitumia kila siku bila kujua.

Kwanza nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilinunua tangi la lita 60, nikaliweka sebuleni pale nyumbani. Mchanga, gogo, mimea, gapi kumi na mbili. Likapendeza balaa. Siku moja umeme ukakatika asubuhi, mimi niko kazini. Narudi saa mbili usiku, giza totoro, namkuta dada wetu wa kazi amekaa kwenye kigoda, tochi ya simu imeegeshwa kwenye ukuta, anachota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamimina tena taratibu kutoka juu.

"Dada, unafanya nini?"

"Kaka, samaki wako walikuwa wanahema juu juu. Kwetu ziwani furu wa chambo wanawekwa kwenye ndoo. Maji yakitulia wanakufa, lazima uyachote uyamimine."

Samaki wote walipona. Na mimi kesho yake nikapost video: "Nimewaokoa wanangu." Pongezi zikamiminika. Dada hakutajwa popote.

Wiki kadhaa baadaye nikaanza kusoma historia ya matangi ya samaki. Nilipofika London ya mwaka 1846, nikajiona.

Twende nyuma kidogo

Watu wamefuga samaki kwenye mabwawa na mabakuli tangu zamani sana. Shida ilikuwa moja: ukitaka samaki aishi kwenye chombo cha ndani, lazima ubadilishe maji kila mara. Kwa nini, hakuna aliyekuwa anajua vizuri.

Mwaka 1771, Mwingereza Joseph Priestley aliona kuwa hewa iliyochafuliwa na mshumaa uliozimika ndani ya chombo kilichofungwa inaweza kurudi kuwa nzuri ukiweka humo tawi la mnanaa. Mwaka 1779, daktari Mholanzi Jan Ingenhousz akaongeza kitu muhimu: kazi hiyo inafanywa na sehemu za kijani za mmea, na zinaifanya kwenye mwanga tu. Usiku mmea nao unachafua hewa. Aligundua hayo kwa kuzamisha majani ndani ya maji na kuangalia mapovu. Yale mapovu madogo unayoyaona kwenye majani ya tangi lako mchana, jamaa aliyakodolea macho zaidi ya miaka 240 iliyopita.

Kisha akaja mwanamama Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi Messina, kisiwani Sicily. Mwaka 1832 alianza kutumia matangi ya kioo ili amchunguze vizuri mnyama wa baharini wa jamii ya pweza anayeitwa argonauti. Huyu jina lake angalau lilibaki.

Sasa sikiliza ya 1846

Kulikuwa na mama mmoja wa tabaka la juu, Anna Thynne, mke wa Lord John Thynne, kiongozi wa kanisa pale Westminster Abbey. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, mji wa pwani kusini-magharibi mwa Uingereza, akavutiwa na matumbawe hai. Akataka kurudi nayo London. Akachukua sindano na uzi, akayashonea kwenye sifongo, akayatumbukiza kwenye mtungi uliojaa maji ya bahari, safari ikaanza.

London haina bahari. Maji ya chumvi aliyokuwa nayo ni hayohayo, kuagiza mengine kutoka pwani ni gharama na usumbufu. Maji yakitulia yanaharibika, matumbawe yanakufa. Akafikiria: vipi maji yakimiminwa huku na huko mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa?

Wazo zuri. Ila nani atamimina?

Hapo ndipo anaingia mtu wetu. Lady Thynne alikuwa na binti wa kazi. Binti huyo ndiye aliyekuwa anasimama dirishani, anamimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine, nusu saa mpaka dakika 45 kwa awamu moja, kabla maji hayajatumika tena. Fikiria mikono. Fikiria baridi ya London na dirisha liko wazi.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1859, simulizi ya Lady Thynne ilichapishwa kwenye jarida la kisayansi. Alikiri kwamba kazi ile inachosha. Halafu akaeleza kuwa binti alikuwa na moyo wa kumfurahisha, na kwamba aliiona kama mchezo tu. Jina hakuliandika. Na maoni ya binti mwenyewe, kama kweli alikuwa anaburudika au alikuwa anamaliza siku mabega yanawaka moto, hakuna aliyemuuliza.

Tusimwonee Lady Thynne, alikuwa kichwa. Mwaka 1847 aliagiza vipande vya mawe na magamba yenye mwani hai, akaviweka pamoja na matumbawe. Mwani ukaanza kutoa oksijeni na mambo yakatulia. Wanahistoria wengi wanamhesabu miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufanikiwa kufuga viumbe vya baharini ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Lakini mpaka mwani ufike, aliyeshikilia uhai wa matumbawe yale ni binti na mikono yake.

Kwa nini kumimina kulifanya kazi

Oksijeni inasafiri ndani ya maji yaliyotulia polepole sana, kama mara elfu kumi polepole kuliko inavyosafiri hewani. Kwa hiyo maji ya juu yanaweza kuwa na oksijeni ya kutosha huku ya chini yanakauka. Ukiyamimina, unafanya mambo mawili kwa mpigo: unaongeza eneo la maji linalogusana na hewa, na unayashusha maji yenye oksijeni kwenda chini. Binti wa Westminster na dada yetu wa ziwani walikuwa wanafanya sayansi ileile.

Mkemia na konokono

Mwaka 1849, mkemia wa London Robert Warington alichukua chombo cha lita kama 50, akaweka samaki wawili wa dhahabu na mmea wa Vallisneria, ule wenye majani marefu kama utepe. Jamii ya mmea huo inaota mpaka kwenye maziwa yetu, Tanganyika na Nyasa. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari, halafu majani yaliyokufa yakaanza kuoza, utando wa kijani ukatanda. Akaongeza konokono wa majini. Konokono wakala uchafu, mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 akatangaza matokeo yake mbele ya wanakemia wenzake: mimea na wanyama wanaweza kutunzana.

Baada ya hapo London ikachizika. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, kwa hiyo kioo hakikuwa tena bei ya juu kama zamani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholisambaza neno tunalolitumia leo, akwariamu. Kila familia yenye uwezo ikataka moja sebuleni. Mpaka fukwe zikaanza kukombwa viumbe vyake, jambo ambalo mtoto wa Gosse, Edmund, alilisikitikia kwenye kitabu chake cha mwaka 1907.

Ila matangi mengi ya nyumbani yalikufa. Watu walisikia "mimea inatosha" wakasahau somo la yule binti: maji lazima yatembee.

Aliyelirudisha somo hilo ni William Alford Lloyd, aliyewahi kuwa fundi wa kujalidi vitabu kabla ya kufungua duka la vifaa vya akwariamu. Kwenye akwariamu kubwa ya Crystal Palace, London, iliyofunguliwa mwaka 1871, alijenga hifadhi kubwa ya maji chini, gizani, yenye maji mengi kuliko matangi yote ya maonyesho. Pampu za mvuke zikawa zinapandisha maji na kuyarudisha chini, mchana na usiku. Maji yaleyale, yanazunguka. Kazi ya dirishani ikapewa mashine.

Sasa rudi kwenye tangi lako

Pampu ndogo ndani ya filta yako ni mjukuu wa mitambo ile. Wengi tunaiwasha tu na kusahau. Mambo machache niliyojifunza, mengine kwa kuumia:

Elekeza mdomo wa filta kwa urefu wa tangi, siyo kwa upana. Maji yapite mbele, yagonge ukuta wa mwisho, yarudi nyuma. Wafugaji wengi wa mimea wanalenga pampu inayopitisha ujazo wa tangi mara 5 hadi 10 kwa saa. Tangi la lita 60 ni lita 300 hadi 600.

Tafuta kona zilizokufa. Dondosha punje chache za chakula uangalie zinaelekea wapi. Zikikwama nyuma ya gogo au jiwe, hapo ndipo uchafu unalala na utando unaanzia. Sogeza gogo, au punguza kichaka; mimea iliyojazana inaziba njia ya maji.

Angalia majani. Yakicheza polepole yote, uko vizuri. Jani lililosimama tuli limezungukwa na maji ambayo limeshayanyonya kabonidayoksaidi na virutubisho, halipati mapya. Yakilala upande mmoja kama kwenye dhoruba, punguza kasi.

Uso wa maji utikisike kidogo tu mchana. Kama unaongeza kabonidayoksaidi ya mtungi, kurusha maji sana juu kunaipoteza. Usiku kumbuka ya Ingenhousz: mimea nayo inavuta oksijeni, kwa hiyo hapo unaweza kuinua mdomo wa filta uso uchangamke.

Sifongo ya filta isuuze kwenye maji uliyoyatoa ndani ya tangi. Klorini ya maji ya bomba inaua bakteria wanaokusaidia.

Na umeme ukikatika? Usiwalishe. Chukua kikombe, chota, mimina kutoka juu kidogo, dakika kadhaa, kisha rudia samaki wakianza kupanda juu. Wewe ndiye pampu.

Tumalizie

Nilipomaliza kusoma ile stori nilimfuata dada jikoni, nikamwonyesha video yangu na zile pongezi. Nikamwomba radhi, nikamwambia nataka kuandika ukweli, na jina lake niliweke.

Akacheka. "Usiweke jina, kaka. Mama akisoma atasema nilikuwa nacheza na samaki wakati vyombo havijaoshwa."

Kwa hiyo huyu naye jina hulioni hapa. Tofauti ni kwamba yeye aliulizwa. Ile video nimeibadilisha maelezo, sasa inasema nani alikaa kwenye kigoda mpaka saa mbili usiku.

Haya wadau, dondosheni maoni hapo chini: nyumbani kwenu au ofisini, ni kazi ya nani inayopigiwa makofi kwa jina la mtu mwingine?